Hesabu ya Kiduha

Kabla ya kuingia shambani tunavaa buti za mpira,
kabla ya kutoka tunazisugua kwa brashi na maji ya dawa,
maana udongo wa hapa, kaunti ya Robeson,
hauna ruhusa ya kusafiri.
Bwana Oxendine huinua mguu mmoja, kisha wa pili,
kama farasi kwa mhunzi,
na kila Jumanne husema yaleyale:
"Serikali inaogopa matope yangu kuliko bunduki yangu."

Nakumbuka uwanja wa ndege wa Atlanta,
ofisa akichokonoa soli za viatu vyangu kwa kalamu:
Umetoka shambani?
Nikasema hapana.
Nilitoka shambani maisha yangu yote.

Wao wanakiita gugu la mchawi.
Kwetu Misungwi ni kiduha, ua la zambarau;
hapa ni jekundu, kama tone
la mtu aliyejikata akimenya viazi.
Rangi mbili, ulafi mmoja.

Hakuna uchawi, mama. Nimekitazama kwa darubini.
Ni mbegu ndogo kuliko chembe ya ugoro,
hulala udongoni miaka kumi, kumi na tano,
haili, hainywi, inasikiliza.
Mzizi wa mahindi ukibanwa na njaa
huwaita kuvu, rafiki zake, waulishe.
Kuvu husikia. Na mwizi husikia.
Kilio cha mwenye njaa
ndicho kinachomwonyesha mwizi mlango.

Ulikuwa ukiking'oa kikishachanua,
mgongo umepinda tangu alfajiri hadi jua la utosi,
ukikilaani kwa Kisukuma.
Siku hizi najua: kilipotoa ua
kilikuwa kimekwisha kunywa.
Uling'oa bakuli, uji ulishaliwa.
Nawe ukalilaumu jembe, ukalima chini zaidi,
ukazifukia mbegu mahali pazuri pa kusubiri.

Bwana Oxendine ameuza plau.
Ilimchukua miaka miwili kukubali.
Jirani hupita na pikapu, hupunguza mwendo,
hutazama mabua yaliyolala ovyo,
hupiga honi ya huruma.
Shamba limevaa matambara, halina haya.
Chini ya matambara kuna unyevu, kuna minyoo,
na mzizi ulioshiba haupigi kelele.
Mwaka huu mahindi, mwaka ujao kunde,
kunde zinazoita kwa sauti ya mahindi:
mbegu huamka, hutoa kijizizi chembamba kama unywele,
hupapasa gizani siku tatu, nne,
isipate ziwa la kunyonya.
Mwizi kufa mlangoni, ufunguo mkononi.

Leo tumetembea safu mia mbili na kumi,
yeye kulia, mimi kushoto, macho chini,
Agosti ikituchemsha.
Kwenye safu ya mia na sabini akasimama.
Hakuita. Alivua kofia tu.
Kimoja.
Kirefu kama kidole cha kati,
na ua moja, limefunguka asubuhi hiyohiyo.
Mwaka juzi vilikuwa mia na kumi na tisa,
mwaka jana kumi na kimoja.
Nikachomeka kibendera cha rangi ya chungwa,
nikakifunika kwa mfuko kabla hakijamwaga,
nikaandika: 1.
"Bado kimoja," akasema, kwa hasira ya mtu
aliyekuta panya baada ya kufagia ghala.

Usiku nikakupigia. Kwako kulikuwa kunakucha.
Nikakusimulia safu, mabua, kibendera.
Ukanyamaza, nikasikia jogoo,
kisha ukacheka kile kicheko chako kisicho na furaha:
"Huko mnahesabu kiduha?
Sisi tulihesabu mahindi."

Sikupata jibu. Nikauliza
kama kunde zimeuzwa zote, au imebaki mbegu.
Nusu debe, ukasema.
Na mabua?
Mabua wameshakula ng'ombe wa Ng'wandu.